Tusome alama, tuache kushangilia nafasi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama fahirisi ya rushwa, yaani orodha inayotolewa kila mwaka na Transparency International, shirika la kimataifa linalopambana na rushwa, inatuonyesha kweli ni nchi ipi imezidi kwa rushwa. Jibu langu: inatuonyesha wanavyoiona wataalamu na wafanyabiashara. Hilo si jambo dogo, ila tunalisoma vibaya.

Rushwa haina risiti. Mtoaji na mpokeaji wote hunyamaza, na kesi mahakamani zinaweza kuongezeka kwa sababu tu waendesha mashtaka wameamka. Ndiyo maana fahirisi hii, tangu ilipoanza mwaka 1995 na nchi 41, hutegemea maoni. Siku hizi hupima nchi 180 hivi kwa kuchanganya vyanzo kadhaa, zikiwemo tathmini za Benki ya Dunia. Sifuri ni uozo mtupu, 100 ni usafi.

Kinachonikera ni vichwa vya habari vya "tumeshuka nafasi nne". Nchi huweza kushuka bila alama yake kusogea hata moja, kwa kuwa wenzake wamepanda. Kila alama hutolewa pamoja na kiwango chake cha kukosea, lakini hicho magazeti hayakichapishi. Tena alama za kabla ya 2012 hazilinganishwi na za baadaye, maana mwaka huo ukokotoaji ulibadilishwa, na bado naona michoro ikiziunga kwa mstari mmoja.

Halafu kuna kisichopimwa. Denmark iliongoza mwaka 2024 kwa alama 90. Benki yake kubwa, Danske Bank, ilipitisha katika tawi la Estonia takriban euro bilioni 200, nyingi zikiwa za kutiliwa shaka, kati ya 2007 na 2015. Fahirisi haikukosea, kwani inapima sekta ya umma tu, si utakatishaji wa fedha. Lakini anayekomba hazina ya nchi yenye alama 20 huhitaji benki ya kufichia, na mara nyingi huipata katika nchi yenye 80.

Mimi ningetanguliza utafiti mwingine wa shirika hilohilo, Global Corruption Barometer, unaowauliza wananchi kama katika miezi 12 iliyopita walitoa rushwa, zawadi au fadhila ili wahudumiwe na polisi, hospitali au shule. Mama aliyelipa ili mwanawe apokelewe wodini hakisii: anajua alitoa kiasi gani na alimpa nani. Utafiti huo hautoki kila mwaka, kwani kuhoji maelfu ya watu ni gharama. Wafadhili wanaozinukuu alama za fahirisi kila wanapojadili misaada wangeulipia huo, walau kila baada ya miaka miwili.