Kwa Unayeanza Kazi ya Masafa: Anza na Dishi Kabla ya Mnara

Karibu kila anayeingia kwenye kazi ya kupanga masafa ya mawimbi ya redio huanza kwa kufungua leseni ya mnara. Anaangalia nguvu ni kiasi gani, masafa ni yapi, na antena imeelekea wapi. Mimi pia nilianza hivyo. Lakini televisheni ya setilaiti na mawasiliano ya ardhini yanapogombania bendi moja, au bendi zinazopakana, leseni ya mnara itakueleza nusu tu ya kesi, tena ile nusu rahisi. Nusu nyingine iko juu ya paa, kwenye dishi ambalo pengine halimo katika daftari lolote la ofisi yako.

Setilaiti ya matangazo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwenye gigahezi 4, safari hiyo hupunguza mawimbi kwa desibeli 196 hivi, sawa na kugawanya nguvu yake kwa namba yenye tarakimu 20. Kinachofika kwenye dishi ni mnong'ono. Mnara ulio kilomita moja kutoka hapo unaweza kuwa umetimiza kila sharti la leseni yake na bado ukaufunika mnong'ono huo. Ndiyo sababu wanaofanya hesabu za mifumo miwili kuishi pamoja mara nyingi hutaka mawimbi ya jirani yawe chini ya kelele ambayo kipokezi hujitengenezea chenyewe kwa desibeli 12.2, yaani yasiiongeze kelele hiyo kwa zaidi ya asilimia 6. Mwanzoni utakiona kipimo hiki kuwa kikali mno. Kaa nacho mpaka ukielewe, kwa sababu wenye minara watakuja ofisini kwako kukulalamikia, na lazima ujue unatetea nini.

Kuna kesi moja iliyonifundisha zaidi ya mafunzo yote niliyopewa darasani. Msambazaji wa televisheni alilalamika kwamba chaneli zake zinakatika. Dishi lake lilipokea kati ya megahezi 3700 na 4200. Jirani yake alikuwa mtoa huduma wa intaneti isiyo na waya, kwenye megahezi 3500 na kitu. Kwenye karatasi hawakugusana hata kidogo, na nilikuwa tayari kuandika barua ya kulifunga lalamiko.

Mkubwa wangu alinizuia. "Umeshapanda juu ya paa?" Sikuwa nimepanda.

Nilipopanda na kuunganisha kipimaspektra, kifaa kinachoonyesha nguvu ya mawimbi kwa kila masafa, kwenye kebo ya LNB, yaani kile kifaa kilicho mbele ya dishi kinachokuza mawimbi na kuyashusha masafa kabla ya kuingia kwenye kebo, nilikaa muda mrefu nikitafuta mawimbi ya jirani upande wa kushoto wa skrini, kwenye masafa ya chini, na sikuyaona. Hili litakukuta na wewe, kwa hiyo lishike: LNB ya kawaida ya bendi ya C hutumia osileta, yaani kizalishi cha mawimbi ya kulinganishia kilicho ndani yake, ya megahezi 5150, ambayo iko juu ya masafa inayoyapokea. Ndani ya kebo kila kitu hugeuka. Megahezi 4200 hushuka hadi 950, na 3700 hutokea kwenye 1450. Mawimbi ya jirani, yaliyokuwa hewani kwenye 3500, nilipaswa kuyatafuta kwenye 1650, upande wa kulia kabisa. Nilipousogeza mtazamo wa kifaa huko, niliyakuta yamesimama kama ukuta.

Tulimpigia simu mwenye mnara tukamwomba auzime kwa dakika mbili. Ukuta ulitoweka, na vilima vya mawimbi ya setilaiti kwenye skrini, vyote kwa pamoja, vikainuka. Huko kuinuka vyote kwa pamoja ndiyo dalili kuu. Ikiwa transponda moja tu, yaani mkondo mmoja wa setilaiti unaobeba kundi la chaneli, inayumba na nyingine ziko salama, kuna mtu ameingia kwenye masafa yaleyale. Zikiyumba zote, hata zile za mbali kabisa na mgomvi, basi LNB imezidiwa. LNB nyingi za kawaida hufungua mlango kutoka 3400 hadi 4200, na hazina namna ya kujua kwamba wewe kwenye jedwali la mgao wa masafa umeigawa bendi hiyo kwa watu wawili.

Hapo nikafanya kosa la pili: nikamshauri mlalamikaji aweke kichujio kwenye kebo, karibu na kipokezi. Fundi wake aliniuliza kwa upole kitachuja nini huko, wakati LNB iliyo kabla yake imeshalemewa. Alikuwa sahihi. Kichujio kinakaa kati ya pembe ya kupokelea, ule mdomo unaokusanya mawimbi kutoka kwenye dishi, na LNB, kabla ya kikuzaji kilicho ndani yake. Kilipowekwa hapo, mnara ukawashwa na picha ikabaki imara. Tangu siku hiyo siandiki pendekezo la kiufundi kabla fundi wa dishi hajalisoma.

Nchini Marekani suala hilihili lilitatuliwa kwa ukubwa wa nchi nzima. Tume yao ya mawasiliano, FCC, iliamua mwaka 2020 kuwapa watu wa simu megahezi 3700 hadi 3980 na kuzisogeza setilaiti hadi 4000 na zaidi, huku megahezi 20 za katikati zikiachwa kama uwazi. Mnada uliomalizika mwaka 2021 ulivuka dola bilioni 81. Wengi huikumbuka namba hiyo. Ninyi kumbukeni kilichotangulia: mwaka 2018 tume ililazimika kufungua dirisha la kuandikisha madishi, kwa sababu mengi ya yale yanayopokea tu hayakuwa yameandikishwa. Dishi linalopokea halitoi mawimbi, hivyo huwezi kulitafuta kwa kifaa, na mwenye nalo haoni kwa nini akuandikie. Usipolijua, huwezi kulilinda. Ukikabidhiwa bendi yoyote ya kugawana, kazi ya kwanza iwe kuhesabu madishi, hata kama hesabu hiyo itachelewesha kila kitu kingine.

Mfano wa pili wa Marekani ni wa bendi ya gigahezi 12.2 hadi 12.7, ambako familia nyingi hupokea televisheni kwa madishi madogo. Kampuni ya Northpoint ilikuja na wazo ambalo mpaka leo naliona zuri: kwa kuwa madishi yote ya nchi hiyo hutazama kusini, kwenye setilaiti zilizo juu ya ikweta, visambazaji vya ardhini virushe vikielekea kusini, ili mawimbi yake yaje kutoka mgongoni mwa madishi. Vitu viwili vitumie masafa yaleyale bila kusikiana.

Sasa simama nyuma ya dishi dogo uliangalie. LNB iko mbele, imelitazama dishi, maana yake LNB yenyewe imeelekea kaskazini. Mawimbi yanayopita juu ya ukingo wa dishi huikuta uso kwa uso. Ongeza ukuta wa jirani unaorudisha mawimbi, na ule "mgongo" wa kwenye mchoro haupo tena. Bunge lilitaka majaribio huru, na taasisi ya MITRE ikayafanya mwaka 2001. Ilikuta kwamba hatari kwa watazamaji ni ya kweli, ingawa ziko njia za kuipunguza. Kanuni zilizofuata mwaka 2002 ziliigawa nchi katika kanda nne zenye viwango tofauti vya mawimbi yanayoruhusiwa kulifikia dishi, na zikamtaka mwenye kisambazaji akague madishi ya eneo lake kabla hajawasha. Mwaka 2023 FCC ilikataa kuiruhusu simu ya 5G yenye nguvu kubwa katika bendi hiyohiyo. Naona ilifanya vyema, kwa sababu simu hutembea na mtu, na hakuna awezaye kuahidi kwamba itakuwa daima mgongoni mwa dishi.

Kuhusu hadhi za msingi na upili (mwenye upili hatakiwi kumsumbua mwenye msingi) kwenye jedwali la mgao la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, sitasema mengi. Zisome mara moja, tena pamoja na tanbihi zake zote, maana tanbihi moja inaweza kuibadilisha hadhi kwa nchi yako peke yake.

Utakapofika wakati wa kuandika masharti ya leseni, andika kikomo pale kwenye dishi, katika kiwango kinachoweza kupimwa siku ya malalamiko kwa kifaa ulicho nacho. Ukiandika nguvu ya mnara peke yake, utakuwa na mnara halali na mtazamaji asiye na picha, na hutakuwa na pa kumshikia yeyote. Kisha ongeza sharti moja ambalo wengi hulisahau: jina la cheo na namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana, ya mtu mwenye mamlaka ya kuuzima mnara kwa dakika mbili wakati wewe uko juu ya paa, kebo mkononi, unaitazama skrini.