Maji Hayakai Kwenye Choo cha Motohomu? Usikimbilie Kununua Raba

Usiku naacha maji ya vidole vitatu kwenye bakuli la choo, asubuhi nakuta pakavu. Siku ya kwanza nilidhani kuna aliyeamka usiku akakanyaga pedali. Siku ya pili nikasingizia gari, kwamba limeegeshwa upande. Siku ya tatu tukawasha feni ya darini ili kupunguza joto, na ndani ya dakika tano harufu ilikuwa imetanda mpaka kitandani. Hapo sikuwa na wa kumsingizia tena.

Kama ndiyo kwanza umeanza kuishi kwenye motohomu, yaani gari la kulala lenye kitanda na choo ndani, elewa kwanza jinsi choo hiki kilivyo, maana si sawa na cha nyumbani. Choo cha nyumbani kina bomba lililopindwa kama shingo, na maji hubaki kwenye ule mpindo kila ukimwaga. Cha motohomu hakina mpindo. Kuna bakuli, chini yake tundu, na chini ya tundu kibamba cha plastiki kinachoteleza pembeni ukikanyaga pedali na kurudi ukiiachia. Kibamba kinakaa kwenye raba ya duara. Chini ya hapo ni tangi la maji taka moja kwa moja, hakuna kingine. Kwa hiyo yale maji machache unayoyaona kwenye bakuli ndiyo mlango unaozuia harufu. Yakishuka, mlango umeachwa wazi.

Tangi lina bomba lake la kupumulia linalopanda hadi juu ya paa, na kwa kawaida hewa chafu hupitia huko. Lakini ukiwasha feni inayotoa hewa nje, au ukiendesha gari huku dirisha moja likiwa wazi, hewa ya ndani inavutwa kwenda nje na nyingine lazima iingie kuziba nafasi yake. Itaingilia popote penye upenyo, na choo kisichokuwa na maji ni upenyo mkubwa. Ndiyo maana watu wengi hulalamika kuwa choo "kinanuka tukiwa safarini tu". Choo kinavuja muda wote, ila mkiwa mmetulia hakuna kinachoivuta ile harufu.

Kabla hujashika spana, hakikisha ugonjwa wenyewe ni upi. Maji kushuka ndani ya bakuli ni tatizo la raba au kibamba. Maji kutapakaa sakafuni nyuma ya choo ni jambo jingine, mara nyingi ni vali ya maji safi au kiungo cha mpira wake, hasa kama gari liliwahi kukaa kwenye baridi ya kugandisha. Na bakuli linalojaa lenyewe bila kuguswa lina vali isiyofunga sawasawa. Ukiyachanganya haya matatu utafungua visivyohusika.

Mimi nilipima hivi: nilizima pampu, nikajaza bakuli, nikabandika kipande cha utepe wa plastiki usawa wa maji, nikakausha sakafu na kutandaza karatasi kavu kuzunguka choo. Baada ya dakika ishirini maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole kizima na karatasi bado kavu. Ukitulia kimya unaweza hata kuyasikia yakidondoka tangini. Jaribu pia kitu kimoja cha haraka: maji yakiwa yanashuka, isukume pedali juu kwa ncha ya mguu. Kama yanasimama, raba yako huenda ni nzima na shida ni pedali isiyorudi hadi mwisho, ama springi imelegea au kuna kitu kimeikwamisha. Kwangu hayakusimama.

Sasa niseme ujinga wangu, maana ndio uliosababisha niandike haya. Sikuchungulia hata mara moja. Nilinunua raba mpya, nikafungua nati mbili zilizoshikilia choo sakafuni, nikakinyanyua, nikabadilisha raba, nikarudisha. Inaonekana kazi ndogo ukiisoma, ila kwenye kile chumba hakuna mahali pa kuweka magoti, na kila nati iko pale ambapo mkono unafika lakini macho hayafiki. Jioni nilijaza maji kwa majivuno. Asubuhi pakavu.

Ndipo nikachukua tochi nikachungulia, jambo ambalo lingenichukua dakika mbili siku ya kwanza.

Juu ya raba palikuwa safi kabisa. Juu huwa panapendeza siku zote kwa sababu ndipo brashi inapofika. Uchafu unakaa pale ambapo ukingo wa kibamba unajificha chini ya ukingo wa raba, kwenye ule mfereji mwembamba unaozunguka tundu. Nilivaa glavu, nikaweka kipande cha mbao juu ya pedali ili kibamba kibaki wazi, nikapitisha kidole taratibu. Sehemu kubwa ilikuwa laini. Kisha, upande wa nyuma, kidole kikakuta mkwaruzo kama wa msasa. Nikaukwangua kwa ukucha ndani ya glavu na kikabanduka kipande cha karatasi kilichoganda na chokaa ya maji, kigumu, kikubwa kama ukucha wa kidole kidogo cha mkono. Kila kibamba kilipojifunga kilikuwa kinakalia kile kipande, na kinabaki kimeinuka kidogo mno, huwezi kuona kwa macho, lakini maji hayahitaji nafasi kubwa.

Basi utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Zima pampu, kanyaga pedali mara moja presha itoke, acha bakuli litupu. Kamata pedali ibaki chini, kwa mbao au kwa mtu mvumilivu. Chukua mswaki mkuukuu, chovya shingo yake kwenye maji ya moto sana uilainishe kisha uipinde. Ukiwa umepindika ndipo unafika chini ya raba. Zunguka mfereji wote, kisha usugue na ukingo wa kibamba. Vinavyodondoka tangini viache viende. Usitumie kisu wala bisibisi hata kama uchafu umegoma, maana mkwaruzo mmoja kwenye kibamba utavuja milele na hakuna raba itakayouziba.

Uchafu uliogoma unataka siki nyeupe. Hapa wengi hukwama: utaloweka vipi kwenye bakuli lisiloshika maji? Rudisha kibamba, chana kitambaa cha pamba vipande virefu, viloweshe siki, kisha uvipange kwa kuvishindilia kwenye mzunguko wa raba kama unayeziba ufa. Acha saa kadhaa au usiku mzima. Ukiona povu dogo, hiyo ndiyo chokaa inayoyeyuka. Asubuhi toa vitambaa, sugua tena, suuza. Usiweke dawa ya klorini kwenye choo hiki, inakausha raba, na zaidi ya hapo klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu. Kwenye chumba chenye ukubwa wa kabati hilo si la kujaribu.

Baada ya kusafisha, kausha raba kisha upake grisi ya silikoni, tabaka jembamba tu, halafu kanyaga na kuachia pedali mara kumi hivi ili isambae. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini usiyaguse, wala grisi ya gari. Hayo yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, na raba nyingi huvimba na kulegea yakikaa juu yake. Nimeona raba iliyopakwa mafuta ya mgando mwaka mzima, ilikuwa imejikunja kama ganda la chungwa.

Ni lini basi raba yenyewe ndiyo mbaya? Ikiwa imechanika, ikiwa imekuwa ngumu kama plastiki ukiibonyeza, au ikiwa imelala upande mmoja na hairudi. Gari likikaa muda mrefu bila kutumika raba hukauka, na wakati mwingine maji na grisi huifufua ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo ipe nafasi hiyo kabla ya kuihukumu. Ukiamua kubadilisha, angalia kwanza aina ya choo chako. Kwenye vyoo vya kampuni ya Dometic vya mfululizo wa 300 raba hutolewa kwa juu bila kung'oa choo. Kwenye vile vya kaseti, kama vya Thetford, raba iko juu ya tangi dogo lenyewe ambalo unalivuta kupitia mlango wa ubavuni mwa gari, na unaifanyia kazi nje, penye hewa, kama binadamu. Vingine ndiyo hivyo, lazima choo kinyanyuke.

Kikinyanyuka, mwaga na kusuuza tangi kwanza. Piga picha ya raba ya zamani kabla hujaitoa, kwa sababu nyingi zina upande wa juu na upande wa chini na zikigeuzwa hazifungi. Ziba tundu la sakafuni kwa kitambaa ulichokifunga kamba, na kamba uifunge mahali. Kitambaa kikitumbukia tangini utakitafuta kwa miezi. Nunua na mpira wa chini ya choo, ule unaokaa kati ya choo na sakafu, maana wa zamani haukubali kubanwa mara ya pili. Ukirudisha, kaza nati kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, na uachie pale choo kinapokuwa hakitikisiki. Ukizidisha utapasua kitako.

Kama tatizo limekukuta katikati ya safari na huna kitu, ongeza maji kidogo kila unapopita, zima feni ya darini, na ulaze kitambaa kilicholoa juu ya tundu. Haitibu, inakupa tu usingizi. Na ili karatasi isirudi kwenye mfereji, tumia inayoyeyuka haraka: tia kipande kwenye chupa ya maji, tikisa, kama bado ni kipande kizima usiiingize garini. Shikilia pedali sekunde mbili tatu zaidi baada ya vitu kushuka ili maji yaoshe ukingo. Sisi tumewafundisha watoto kuhesabu hadi tatu kwa sauti, na sasa gari zima linajua nani yuko chooni.

Utepe wangu bado umebandikwa ndani ya bakuli na maji yako usawa wake. Raba ya zamani niliiosha, nikaibonyeza, nikaikagua kwa tochi pande zote: haina hata ufa. Nimeipaka silikoni nikaiweka kwenye droo chini ya kitanda, ndiyo akiba yetu.