Barua kwa mwanangu: nani alikuwa anaendesha?

Reading, Jumapili usiku

Mama,

Assalamu alaykum. Huku baridi imeanza kupungua. Mama yako goti linamsumbua kidogo, lakini ngazi anapanda mwenyewe. Sasa hivi amelala, nami nimepata utulivu wa kukuandikia.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma zaidi ya mara moja. Umeniuliza: wewe baba, ambaye taarifa ya habari ikifika kwenye mauaji unazima redio, ambaye hata kuku ulikuwa ukimwita jirani aje akuchinjie, unawezaje kukaa kila Jumapili kuangalia Waingereza wa vijijini wakiuana huku wanakunywa chai? Ukaongeza kwamba kifo si mchezo, na kwamba katika zile sehemu mbili za zamani tulizoangalia pamoja ulipokuja Desemba hukuona hata mtu mmoja anayefanana na sisi. Uliniuliza siku ile ile pale sebuleni na sikukujibu. Jibu lenyewe linapita kwa marehemu, sikutaka kulianza mbele ya chakula.

Nianze na kijiji. Tamthilia ile, Midsomer Murders, ilianza kuonyeshwa Machi 1997 na imeendelea kwa zaidi ya miaka 25. Midsomer haimo kwenye ramani. Lakini mji wake, ule wanaouita Causton, naujua kona kwa kona, maana ni Wallingford, na Wallingford nimepitisha basi miaka 18. Lile jengo la zamani la soko la nafaka ndilo wanalolifanya ukumbi wa maigizo wa Causton. Kuna asubuhi tulikuta njia imezibwa, magari ya taa na nyaya yamejaa. Abiria wangu walisimama wote madirishani kutazama. Nilichelewa dakika 20 na hakuna aliyenung'unika. Na vijiji vya jirani ndivyo vile vile unavyoviona: nyumba za mawe, mapaa ya majani makavu yaliyoezekwa kwa ustadi ambao fundi makuti wa Tanga angeuheshimu, kanisa lenye kengele, uwanja wa kriketi, baa moja, duka moja. Uingereza na Wales kwa pamoja zina watu kama milioni 60, na mauaji huwa kama 600 kwa mwaka. Vijijini kule kilichokuwa kikinisimamisha njiani ni kondoo na maji ya mto Thames yakifurika.

Basi kwa nini maiti iwekwe hapo? Kwa sababu hapo kila mtu anamjua mwenzake. Mjini muuaji anaweza kuwa yeyote aliyeshuka kwenye treni. Kijijini ni mmoja wa hawa: anayepiga kengele, anayeuza maua, daktari, mke wa mchungaji. Kikulacho ki nguoni mwako, na hadithi nzima ni kupekua nguo. Tena kinachopekuliwa si vinasaba wala mitambo. Ni maneno ya watu: nani hakusalimiana na nani kanisani, nani alihama nyumba ghafla mwaka ule, mtoto wa nani anafanana na nani. Sisi tuliokulia barazani tunaelewa hilo bila kufundishwa. Lisemwalo lipo.

Ndiyo maana kabla ya Barnaby, inspekta wa Midsomer, nilimpenda Miss Marple, bi kizee wa kijijini anayefumbua mauaji. Sisemi wale wa siku hizi, nasema yule wa BBC, mwigizaji Joan Hickson. Alianza kuucheza mwaka 1984 akiwa na miaka 78, akamaliza 1992, riwaya zote 12 za bi mkubwa yule. Kijiji chake walikipigia picha Nether Wallop, mkoa wa Hampshire. Anakaa kwenye kiti anafuma sufu, wanaume wanazungumza juu ya kichwa chake kama vile ni mto wa kochi, na yeye anasikia kila kitu. Na njia yake ya kufikiri ni moja: anafananisha. Akimwona tajiri wa London anasema moyoni, huyu ana tabia za kijana fulani wa dukani kijijini kwetu. Basi. Keshamjua. Bibi yako, unayebeba jina lake, alikuwa hivyo hivyo. Mgeni akipita mlangoni alikuwa anasema, "Huyu anatembea kama marehemu mpiga chokaa, atakuja kukopa." Na kweli, wiki haiishi, anakuja kukopa.

Mwandishi aliyemtunga Miss Marple, Agatha Christie, alikuwa na nyumba pale pale Wallingford tangu 1934, akafia humo Januari 1976, na kaburi lake liko Cholsey, kijiji cha pili yake. Tangu 2023 ipo sanamu yake mjini, amekaa kwenye benchi. Hili litakupendeza wewe mfamasia: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali, huko kwao Torquay, na sumu nyingi anazowapa watu wake alizijua hapo, kwa mizani na vipimo. Riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1920, mtu anauawa kwa sumu.

Vita ile naitaja kwa sababu nyingine pia. Karibu kila kijiji nilichosimamisha basi kina jiwe lenye majina ya vijana waliokwenda na hawakurudi. Kijiji cha nyumba 40, majina 15, na mengine ya ukoo mmoja. Nilikuwa nayasoma nikisubiri saa ya kuondoka. Miaka iliyofuata vita ile ndiyo hadithi hizi zilipochanua kuliko wakati wowote. Mimi naamini, na haya ni yangu mwenyewe, kwamba watu waliopoteza vijana kwa mamia ya maelfu, bila yeyote wa kumuuliza, walikuwa na kiu ya kusoma habari ya mtu mmoja tu aliyekufa na dunia nzima ya kijiji ikasimama mpaka ijulikane kimempata nini.

Sasa hili la kufanana na sisi. Uko sahihi, na lilifanywa kwa makusudi. Machi 2011 mtayarishaji wa tamthilia ile, Brian True-May, aliliambia jarida la Radio Times kwamba watu wa makabila mengine hawamo kwa sababu wakiwamo hakitakuwa tena kijiji cha Kiingereza, na kwamba alitaka ibaki hivyo. Nilizisoma habari zile kwenye gazeti lililoachwa kiti cha nyuma, nikiwa nakagua basi kituo cha mwisho, katikati ya kijiji cha namna ile ile. Iliniuma. Asubuhi ile nilikuwa nimewabeba watoto wao kwenda shule na wazee wao kwenda hospitali. Muuguzi aliyewapokea alikuwa Mfilipino, na daktari, kwa jinsi wazee walivyomtaja, Mhindi. Kijiji cha Kiingereza kilikuwa kinasimama kwa miguu yetu siku ile na kila siku. Niliacha kuangalia, nadhani kwa mwaka mzima. Mtayarishaji alisimamishwa kazi, na baadaye akaiacha nafasi ile. Taratibu wengine wakaanza kuonekana. Mwaka 2016 akaja daktari wa kuchunguza maiti aitwaye Kam Karimore, mwanamke mwenye asili ya Asia, mwerevu, na kijiji hakikuanguka. Nami nilikuwa nimekwisha rudi. Lakini nakuambia kitu ambacho waandishi wao wamekosa. Hakuna shahidi aliye bora kuliko dereva wa basi. Anajua nani kashuka wapi, kabeba nini, kalia au kacheka. Na kama ilivyo kwa yule bi mkubwa anayefuma, hakuna anayemwona.

Mama, nifike kwa marehemu.

Unajua kwamba baba yako mdogo, kitinda mimba wetu, alikufa kwa ajali kabla hujazaliwa. Hayo ndiyo tuliyokuambia. Ilikuwa 1988, alikuwa na miaka 22, anarudi kutoka sala ya isha kwa baiskeli, barabara ya Pangani. Gari lilimgonga likapita. Alikutwa alfajiri na watu wanaokwenda shamba. Baiskeli ilikuwa na rangi nyeupe iliyobaki kwenye bomba, rangi ya gari, na kipande cha kioo cha taa kilikuwa majanini. Bibi yako alikiokota kile kioo kwa mkono wake, akakifunga kwenye leso.

Alikipeleka kituoni. Wakamwambia mwenye faili hayupo, aje Jumatatu. Jumatatu wakamwambia faili liko kwa mkubwa. Alikwenda masika yakaisha, vuli ikaanza. Mtaani kila mmoja alikuwa na lake. Wengine walisema siku yake imefika, aache kumsumbua marehemu. Wengine walisema kuna mkono wa mtu, akatafute mtaalamu huko bara. Bibi yako aliwajibu neno moja kwa wote, nami nilikuwepo: "Kwa nini amekufa, hilo la Mungu, siulizi. Mimi nauliza, nani alikuwa anaendesha?"

Hakuna aliyemjibu mpaka anafukiwa, 2006. Kile kioo kilikuwa bado sandukuni.

Shuleni mimi nilisoma Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, watu wote wanaogopa mizimu na mashetani, anakuja Bwana Msa, mpelelezi, na kiko chake, anatazama chini, anatazama mikono ya watu, anauliza maswali. Anaamini mtu kauawa na mtu. Nilipokuja huku nikajua kwamba mwaka 1929 kasisi mmoja Mkatoliki, Ronald Knox, aliwaandikia watunzi wa hadithi za namna hii kanuni 10, na moja inakataza kabisa kifo kuelezwa kwa miujiza au mizimu. Nyingine inamkataza mpelelezi kumficha msomaji ushahidi alioupata. Nilifurahi sana kuisoma ile. Kasisi mzima anasema: Mungu tumwache mahali pake, hapa tutafute aliyefanya. Ni maneno ya bibi yako.

Sasa nenda kwenye sehemu ya kwanza kabisa ya Midsomer Murders, ile ya 1997. Mwalimu mstaafu, bi kizee Emily Simpson, anatafuta ua adimu msituni, anaona jambo ambalo hakupaswa kuliona. Anakutwa amekufa nyumbani kwake. Mtu wa umri ule, nani atashtuka? Lakini ana rafiki yake, Bi Lucy Bellringer, kizee mwenziwe, naye anamwendea Inspekta Barnaby kumwambia kwamba hapana, huyu hakufa kifo cha Mungu. Na Barnaby anamsikiliza. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sijavua hata koti. Nilikaa nalo mpaka mwisho.

Ndicho ninachokifuata Jumapili, mwanangu. Damu siifuati, ikija naangalia pembeni, na mama yako ni shahidi. Hata jina la muuaji mara nyingi nalijua, maana zinarudiwa na nimeziona. Ninafuata kule kuuliza. Mtu hata awe mbaya namna gani, na wengi wanaouawa mle ni wabaya, wachoyo, wadhulumu, bado anakuja mtu na daftari kugonga milango yote, ya tajiri na ya mlinzi wa bustani, na swali ni lile lile kwa wote: jana usiku ulikuwa wapi? Hakuna anayeambiwa aje Jumatatu.

Unaposema wanafanya kifo kiwe mchezo, ziko sehemu ambazo nakubaliana nawe. Ipo moja mwanamke anauawa kwa gurudumu la jibini, na ile sikuipenda. Huko wamesahau kwamba maiti ni mtoto wa mtu. Lakini zile nzuri hazisahau. Utaona dakika chache tu, mara nyingi kabla ya matangazo, mama au mjane amekaa jikoni, birika linachemka, na inspekta anangoja, hamharakishi. Ule muziki wao wa mwanzo, wa Jim Parker, unapigwa kwa theremini, chombo ambacho mpigaji hakigusi, anapitisha mikono hewani tu kinalia. Kila nikiusikia namwona bibi yako barazani, amekaa, leso mapajani.

Najua utasema kwamba hadithi haimrudishi mtu, na kwamba huko nje mafaili yanaendelea kulala. Nalijua hilo kuliko wewe. Lakini saa moja na nusu kwa wiki nakaa mahali ambapo swali la mama yangu linachukuliwa kuwa swali la maana kuliko mambo yote, na nalala vizuri baada ya hapo. Katika miaka yangu yote ya usukani sikuwahi kupita penye baiskeli usiku bila kupunguza mwendo mpaka abiria wakaguna.

Ile ya 1997 itafute uiangalie, hata ukiwa peke yako baada ya kazi. Ukifika pale Bi Bellringer anapomwendea Barnaby, isimamishe, unipigie simu. Usitazame saa, piga tu.

Baba yako