Uzi wa fedha unaokatika kwenye chamburo

Ndugu yangu, umeeleza kwamba unajifunza usonara kwa mjomba wako hapa Lamu, na kwamba uzi wa fedha unaouvuta kwa ajili ya mkufu hukatika kila ufikapo tundu la nne au la tano la chamburo, yaani lile bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kuwa madogo, ambamo uzi hupitishwa ili uwe mwembamba. Sidhani kwamba chamburo ndiyo yenye kosa. Fedha inapofuliwa au kuvutwa huwa ngumu, na isiporudishwa motoni kwa wakati wake hupasuka ndani kabla hujaona dalili yoyote kwa nje. Baada ya matundu mawili au matatu, uzungushe uzi uwe kitita kilichobana, ili ncha zisiyeyuke peke yake, kisha uupashe moto kivulini, kwa sababu juani hutauona ule wekundu hafifu unaotakiwa. Wekundu ukiisha, uzamishe majini. Fedha safi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 962 za Selsiasi, lakini ile ya 925, yaani yenye fedha sehemu 925 katika 1000 na iliyobaki shaba, huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 800, basi usiupitishe hapo.

Ncha ichongwe kwa tupa, uzi upakwe nta, wala usiruke tundu hata moja.

Nakuuliza pia: fedha yenyewe umeitoa wapi? Ikiwa ni riali za kale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha, ambazo zina fedha sehemu 833 tu katika 1000, itakuwa ngumu upesi zaidi, nawe utalazimika kuirudisha motoni kila baada ya tundu moja.