Rangi za njia ya geti: tafuta majani, achana na maua

SWALI: Shangazi shkamoo. Mi niko Raskazone hapa Tanga, nyumba tumeimaliza mwaka jana na kutoka getini mpaka barazani kuna njia ya gari kama mita 15 hivi, pevingi tayari ila pembeni kote mchanga mtupu. Nilipanda mawaridi, nikamwagilia asubuhi na jioni, yakaungua majani yakafa yote, sijui ni upepo wa bahari au mkono wangu una nuksi. Nataka vichaka vya rangi rangi visivyopukutika, mtu wa bustani sina, maji nayalipia, na nina watoto wawili wadogo. Jirani anataka kunipa bure ule wa maua ya pinki wenye majani membamba marefu, anasema haufi. Niuchukue? Mama Wawili, Raskazone

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huo wa jirani kabla hujaenda kuubeba, manake kwa ulivoueleza nauona kama olianda, na kweli ni mgumu, jua, chumvi, ukame, vyote haujali, ila una sumu kuanzia jani, ua mpaka kijiti na sio sumu ya mchezo, na wewe una watoto wa kutia kila kitu mdomoni. Mshukuru sana, mwambie nafasi imejaa.

Mkono wako hauna neno. Waridi na ule upepo wa chumvi wa Raskazone haviivi chungu kimoja, basi.

Sasa wengi wakitaka rangi wanakimbilia maua, na ua likishaanguka unabaki unatazama vijiti. We tafuta rangi iliyo kwenye jani lenyewe, na hapo mi nakupa krotoni, ile yenye majani mekundu, njano, chungwa na kijani yote kwenye mti mmoja. Ikishashika haitaki makuu, ila inataka jua. Mi mwenyewe nilishawahi kupanga tano chini ya mwembe nikijiona nimepatia kivuli, miezi michache tu zote zikawa kijani kitupu, nikazing'oa nikazipeleka juani na majani mapya yakatoka na rangi zake.

Sehemu ile inayopigwa na upepo moja kwa moja usiweke krotoni, chumvi itaichoma ncha za majani. Pale getini weka bogenvilia, moja kila nguzo inatosha. Siku moja chuma kishada uangalie vizuri, ile pinki unayoita ua ni majani matatu membamba kama karatasi, na ua lenyewe ni kale kadude keupe katikati, kadogo kama kichwa cha kiberiti. Kwa hiyo hata bogenvilia nayo rangi yake ni majani! Na ukiimwagilia sana inakupa kijani tu, iache ione kiu kidogo ndo inachanua. Ila isisogee njiani, ina miba, itakuchorea gari.

Duranta, kichaka cha majani ya njano, watu wanaipenda ila inakutaka na mkasi kila mara, ukiiacha inatoa vitunda vya chungwa ambavyo mtoto hatakiwi kuvila. Iksora, kichaka cha maua ya vishada, nayo nzuri, lakini kama chini kwenu kuna mawe ya matumbawe majani yatakuwa njano njano kila siku na utasumbuka na mbolea.

Panda masika yakianza, mwisho wa Machi hivi, mvua ikufanyie kazi. Shimo la futi moja na nusu kwenda chini na upana hivo hivo, changanya udongo na samadi iliyooza (mbichi itaunguza mizizi), acha sentimita 75 kati ya mche na mche, utahitaji kama 20 kila upande, na toka kwenye pevingi sogea karibu mita moja manake krotoni inatanuka na mlango wa gari lazima ufunguke. Afu juu ya udongo tandaza makumbi ya nazi, Tanga hayo yamejaa, yanashika unyevu na magugu hayapati pa kutokea. Mvua ikikatika mwagilia mara mbili kwa wiki mpaka kiangazi cha kwanza kipite, baada ya hapo jua likizidi tu.

Na usinunue 40 zote. Nunua nne tano za rangi tofauti, zikishakua kata vijiti vya kama inchi sita, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, mwezi na kitu vinakuwa na mizizi. Unapokata vaa khanga kuukuu, utomvu wake ukidondokea nguo doa halitoki, na unawasha, kwa hiyo nawa mikono na hao wawili wafundishe mapema kuwa jani lile halitafunwi.