Maswali ya Wasomaji: Elektrodi ya dopamini inaposumbua

SWALI: Nimepaka nanotyubu za kaboni (mirija midogo mno ya kaboni) kwenye elektrodi ya kaboni-kioo ili nipime dopamini, kemikali ya kupasha habari ubongoni. Kwenye bafa, yaani myeyusho unaoshikilia pH, kilele cha mkondo kinatoka vizuri, ila nikitia asidi askobiki, yaani vitamini C, vilele viwili vinaungana kuwa kimoja kipana. Nikaongeza nanotyubu, mambo yakaharibika zaidi.

JIBU: Ukiongeza nanotyubu unaongeza eneo la uso, na pamoja nalo mkondo wa chaji ambao haukuelezi lolote kuhusu dopamini. Hapa itegemee chaji ya molekuli. Kwenye pH 7.4 dopamini ni chanya, askobeti (asidi askobiki ikiwa ndani ya bafa) ni hasi. Nafion, plastiki ya kupakwa juu ya elektrodi, nayo ni hasi, kwa hiyo huivuta ya kwanza na kuisukuma ya pili.

Nunua Nafion ya asilimia 5, uipunguze kwa ethanoli hadi 0.5. Tia miligramu 1 ya nanotyubu katika mililita 1 ya Nafion hiyo, uiache kwenye bafu la mawimbi ya sauti dakika 30, mpaka upate wino mweusi usio na chembe. Kwa elektrodi ya kipenyo cha milimita 3, maikrolita 5 za wino huo zinatosha. Ifunike kwa bika iliyopinduliwa, ikauke taratibu. Ukiiharakisha kwa feni, weusi hukimbilia ukingoni na katikati hubaki peupe, kama alama ya kikombe mezani. Elektrodi mbili za namna hiyo hazifanani hata siku moja. Tabaka nene la Nafion nalo halifai, maana dopamini huchelewa kupenya.

Tahadhari moja ambayo wengi huiruka: dopamini ikishaoksidishwa kuwa kwinoni, askobeti huirudisha kuwa dopamini, nayo ikaoksidishwa upya. Mkondo unakua bila dopamini kuongezeka. Kwa hiyo chora mstari wako wa kulinganishia ndani ya myeyusho wenye askobeti kiasi kilekile cha sampuli.

SWALI: Baada ya kupaka nilijaribu elektrodi kwa ferisayanaidi, kemikali ya kukagulia elektrodi, kilele kikakaribia kutoweka. Nimeiua?

JIBU: La. Ferisayanaidi ni hasi, Nafion inaifukuza. Kipimo hicho kifanye kabla ya kupaka: sugua kwa unga wa alumina wa maikromita 0.3 kisha 0.05, suuza, halafu tumia ferisayanaidi milimola 1 kwa lita katika kloridi ya potasiamu mola 0.1, kasi ya kubadili volteji milivolti 50 kwa sekunde. Umbali kati ya kilele cha kwenda na cha kurudi ukiwa milivolti 60 hadi 80, endelea. Ukipita 100, rudi kwenye alumina. Ukishapaka, jaribu kwa heksaamini ya rutheni, ambayo ni chanya.

SWALI: Kila nikirudia kipimo mkondo unashuka. Elektrodi inachoka?

JIBU: Kabla ya kuilaumu elektrodi, tazama chupa. Dopamini kwenye bafa ya pH 7.4 iliyo wazi kwa hewa huharibika yenyewe. Myeyusho uliokuwa mweupe kama maji ukigeuka waridi au kahawia, mwaga. Akiba iandae kila siku katika asidi perkloriki mola 0.1, izungushie foili, iweke kwenye baridi, uipunguze kwa bafa dakika ile unayopima.

Kama myeyusho ni mpya na mkondo bado unashuka, basi uso umeziba. Kila molekuli ya dopamini hutoa elektroni 2 na protoni 2, ikawa kwinoni. Kwinoni hujikunja, hushikana na wenzake, zikajenga utando mweusi wa aina ya melanini. Simamisha upandishaji wa volteji punde tu baada ya kilele, usiiache elektrodi ikae kwenye volteji ya juu, na suuza kati ya vipimo. Serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, huziba vibaya zaidi.

SWALI: Naweza kupima glutameti, nayo ni kemikali ya ubongo, kwa elektrodi hiyohiyo?

JIBU: Huwezi, glutameti haioksidishwi pale. Unahitaji kimeng'enya, glutameti oksidasi, kinachozalisha peroksidi ya hidrojeni. Hiyo ndiyo unayoipima juu ya platinamu, kwenye volti 0.6 hadi 0.7 dhidi ya elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha. Volteji hiyo huoksidisha askobeti pia, hivyo weka pembeni elektrodi pacha isiyo na kimeng'enya, uupunguze mkondo wake kutoka ule wa elektrodi yenye kimeng'enya.