Nyufa Moja Ni Nyufa Ngapi?

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika jiolojia, anayeishi Sinza, ananiandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Naandaa ikisiri ya Kiswahili ya tasnifu yangu kuhusu modeli za kompyuta zinazoonyesha jinsi mwamba unavyopasuka unaposukumiwa maji yenye presha kubwa. Nimeandika kwamba 'nyufa inasambaa ndani ya mwamba'. Mwenzangu anashikilia kuwa kitenzi sahihi ni kuenea. Nani kati yetu yuko sahihi?"

Marahaba. Hakuna aliye sahihi, na kinachonisikitisha ni kwamba mmebishana juu ya kitenzi ilhali nomino iko mahututi mbele ya macho yenu, wala hakuna aliyeinuka kumwita daktari. "Nyufa inasambaa" si Kiswahili, na "nyufa inaenea" si Kiswahili vilevile. Ufa ni mmoja na husema u-. Nyufa ni zaidi ya mmoja na husema zi-. Mzizi wa neno ni silabi moja tu, -fa, na kwa kuwa ni mfupi mno kusimama peke yake, ile u ya umoja haikuondoka wingi ulipoundwa, bali ilitanguliziwa ny-, kama ilivyo kwa uso na nyuso au uzi na nyuzi. Asili ya neno inatosha hapo. Maradhi yako kwingine.

Chanzo chake nakifahamu. Tunasema nyumba hii na nyumba hizi, nyama hii na nyama hizi, bila neno lenyewe kubadilika, basi sikio la mjini likaamua kwamba kila kinachoanza na ny- ni ndugu wa nyumba. Kila wiki redioni msanii huulizwa ana jipya gani, naye hujibu kwa kujiamini, "Nyimbo yangu mpya inatoka Ijumaa." Mimi husubiri Ijumaa hiyo kwa hamu, nikitarajia albamu nzima, kisha nikapewa wimbo mmoja wa dakika tatu ambao nao, ukiondoa kiitikio, ni wa dakika moja. Mtu hupoteza "funguo yake" mlangoni na hung'oka "kucha yake" akicheza mpira. Na kwa kuwa wingi umeshahamishiwa kwenye umoja, wingi halisi hukosa mahali pa kukaa, ndipo tunapoletewa manyimbo, mafunguo na, Mungu atuhurumie, manyufa. Fundi aliyekuja kukagua ukuta wangu huko Tabata mwaka jana aligusa ufa mmoja, mwembamba kama unywele, akaniambia, "Mzee, hii nyufa haina shida." Nilimsahihisha, alinitazama kwa huruma ambayo mafundi huwawekea wazee wasio na saruji.

Msanii nimekwisha kumsamehe, maana nimechoka. Wewe sikusamehe, kwa sababu katika fani yako hesabu ya ufa mmoja ni kitu kimoja na hesabu ya nyufa ni kitu kingine kabisa. Modeli za awali, ile ya Khristianovic na Zheltov ya mwaka 1955, ya Perkins na Kern ya 1961, ya Geertsma na de Klerk ya 1969 na ile ya 1972 ambamo Nordgren aliendeleza kazi ya Perkins na Kern, zote zilishughulika na ufa: mmoja, ulionyooka, katika mwamba uliodhaniwa kuwa wa namna moja kila upande. Kompyuta zilipopata nguvu, watafiti wakageukia nyufa, nazo zina tabia ambayo ufa ulio peke yake hauna, kwani zinabanana. Ufa ukifunguka husukuma mwamba ulio kando yake na kuongeza mkazo juu ya jirani, kiasi kwamba katika safu ya nyufa zinazolishwa na kisima kimoja cha kusukumia maji, zile za katikati huweza kudumaa wakati za pembeni zikiendelea kusonga. Sasa niandikie katika ikisiri kwamba "nyufa ilirefuka mita 100". Je, ni ufa mmoja uliofika mita 100, au ni nyufa kadhaa ambazo urefu wake umejumlishwa, au ni ule uliozishinda nyingine? Sentensi yako haijui, na msomaji wako hatajua, ingawa kompyuta ilijua tangu mwanzo kwa sababu uliilazimisha kuhesabu.

Turudi kwenye kitenzi mlichokigombania. Kusambaa ni kwa kilichokuwa pamoja kikatawanyika pande nyingi, kama mchele uliomwagika au watu wanaotoka uwanjani. Kuenea ni kufika kila sehemu ya mahali, kama harufu ya udi chumbani. Ufa mmoja hausambai wala hauenei. Una ncha, na ncha hiyo husonga mbele maji yanapokuwa na kanieneo ya kutosha (ndiyo presha yako, nami sitaipigania leo) kushinda mkazo unaoubana mwamba pamoja na ugumu wake wa kupasuka. Kwa hiyo ufa hurefuka, na kuta zake zikiachana hupanuka. Vitenzi hivi viwili usivichanganye, maana msukumo ukibaki uleule, ufa uliopanuka mara 2 hupitisha maji mara 8, jambo ambalo kurefuka hakulifanyi. Katika modeli ya Perkins na Kern hata kimo cha ufa hakibadiliki, hivyo ukiandika kwamba "unaenea" utakuwa umempa msomaji picha ambayo milinganyo yenyewe imeikataa. Kusambaa kutafaa pale tu unapozungumzia mtandao wa nyufa zilizokutana na nyufa za asili za mwamba na kugawanyika huku na huko, na hapo mtendaji atakuwa nyufa, kwa zi-.

Modeli niachie hivyohivyo. Nilipigania "kielelezo" kwa miaka mingi, lakini kielelezo kimekuwa kila kitu, hata picha ya mbuzi katika kitabu cha darasa la kwanza. Haidroliki nayo, ambayo Wagiriki waliiunda kwa maji na bomba, imeshapata uraia gereji. Ninachokukataza ni "upasuaji wa haidroliki", kwa sababu nikiusoma namwona daktari amevaa glavu, na mwamba umelazwa kitandani. Andika "upasuaji wa mwamba kwa maji" ukishindwa kabisa, lakini mpasuko unatosha.

Sentensi yako basi isomeke: "Modeli inaonyesha jinsi ufa unavyorefuka na kupanuka ndani ya mwamba unaosukumiwa maji kwa kanieneo kubwa." Ikiwa katika modeli yako nyufa ni nyingi, badilisha neno na viambishi vyake vyote, kisha tutajie idadi.

Fundi wangu alirudi wiki iliyopita. Ule ufa umepata wenzake wawili, mmoja ukishuka kutoka dirishani na mwingine ukipanda kutoka msingini. Alisimama kimya, akaupapasa ukuta, halafu akanigeukia kwa heshima zote: "Mzee, sasa haya ni manyufa."